Miguu ya Gramafoni: Historia Fupi ya Vita dhidi ya Mtetemo

Tukiongea juu ya historia ya muziki uliorekodiwa, kwa kawaida tunataja waimbaji, kampuni na studio. Mashine yenyewe haitajwi sana. Na miguu ya mashine, vile vipande vinne vya mpira vilivyo chini yake, hiyo haitajwi kabisa. Mimi nataka niandike juu ya miguu hiyo. Najua ni kitu kidogo. Lakini kwa sisi tuliovuka mpaka na santuri ndani ya mizigo, na tunaotaka zisikike tena kabla hazijaisha, hicho kitu kidogo ndicho kinachoamua kama wimbo utatoka mzima au utatoka umekatikakatika.

Tuelewane kwanza juu ya shida yenyewe. Santuri ni mfereji mmoja mrefu uliojizungusha kutoka ukingoni mpaka katikati. Kwenye LP upana wa mfereji huo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuta zake zina mawimbi, na sauti ndogo kabisa zimeandikwa kwa mawimbi yasiyofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Sindano inapita humo na kutikisika, na mtikisiko wake ndio unaogeuzwa kuwa umeme, kisha sauti. Sasa, sindano haina akili ya kuchagua. Ikitikiswa na gitaa lililoandikwa kwenye mfereji, inasema. Ikitikiswa na mtoto anayekimbia sebuleni, inasema vilevile. Na mtoto akikimbia sana, inaruka kabisa, na mahali inapoangukia inaacha mkwaruzo.

Sisi tuliokulia Goma tunaijua hadithi hiyo bila kufundishwa. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na nyumba nyingi ni za mbao, hasa baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya mji. Sakafu ya mbao ni kama ngoma. Ndiyo maana kila nyumba yenye mashine ya santuri ilikuwa na sheria moja, na wazee waliisema kwa ukali: "Weye mutoto, tembeya polepole, disiki itaruka!"

Wakati wa honi

Zamani sheria hiyo haikuhitajika. Emile Berliner alipoanzisha gramafoni ya sahani mwaka 1887, na kwa miaka karibu arobaini iliyofuata, mashine haikuwa na umeme wala amplifaya. Sindano ya chuma ilisukuma kiwambo, kiwambo kikasukuma hewa, hewa ikatoka kwenye honi. Kichwa chote kilichobeba sindano kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 100. Uzito huo ulikandamiza sindano kwenye mfereji mpana wa santuri ya mizunguko 78, na si rahisi kurusha kitu kizito hivyo kwa hatua za mtu.

Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mashine nyingi ambazo watu wa pwani walisikilizia santuri hizo zilikuwa za namna hiyo: za kuzungusha kwa mkono, za kubebwa, za kuwekwa juu ya meza yoyote au hata mkekani. Miguu yake ilikuwa ya kulinda meza isikwaruzwe. Bei ya kutojali mtetemo ililipwa na santuri yenyewe: gramu 100 juu ya ncha ya chuma zilikuwa zinakula mfereji kila mara wimbo unapopigwa.

Umeme ulibadilisha mambo. Kuanzia mwaka 1925 kurekodi kwa maikrofoni na umeme kuliingia sokoni, na baadaye amplifaya na spika zikaingia majumbani. Hapo ndipo adui mpya alipozaliwa. Spika inatikisa hewa na sakafu, sakafu inatikisa mashine, mashine inatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko huo kwenye amplifaya, amplifaya inaukuza na kuurudisha kwenye spika. Mzunguko haukomi. Matokeo yake ni ule mngurumo wa "huuuu" unaokua mpaka mtu akimbilie kupunguza sauti. Mnaopiga muziki kwenye harusi mnaujua.

Kisha mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa LP ya mizunguko 33⅓ yenye mfereji mwembamba, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Mfereji mwembamba ulitaka sindano nyepesi. Leo sindano nyingi zinakaa kwenye mfereji kwa uzito wa gramu moja na nusu mpaka tatu tu. Santuri ilipona, lakini sindano nyepesi ni kama jani: upepo wowote unaibeba.

Sterio nayo ilizidisha shida. Kwenye santuri nyingi za mono, sauti imeandikwa kwa kwenda kushoto na kulia. Mtikisiko wa juu na chini, kama ule wa hatua za watu, haukuwa na mahali pa kusikika vizuri. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikuwa ameshaandika hataza ya sterio mwaka 1931: sauti mbili kwenye kuta mbili za mfereji mmoja. Santuri za namna hiyo zilipofika sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, sindano ililazimika kusikia pande zote, pamoja na juu na chini. Yaani mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa, na sakafu ikaingia nayo kuimba.

Mtu wa springi tatu

Jibu lililodumu lilitoka Cambridge, Massachusetts, kwa mtu aitwaye Edgar Villchur. Alikuwa mwalimu na mvumbuzi, na mwaka 1954 yeye na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research, maarufu kama AR, iliyoanza kwa kutengeneza spika. Mwaka 1961 AR ilitoa mashine ya santuri.

Kwa nje ilikuwa sanduku la kawaida. Ndani, Villchur alichukua sahani inayozunguka na mkono wa sindano, akavifunga pamoja kwenye fremu moja ya chuma, halafu akaining'iniza fremu hiyo kwa springi tatu laini. Mota aliiacha upande wa pili, kwenye bamba la juu, ikavuta sahani kwa mkanda wa mpira.

Hapa nasimama kidogo, maana wazo hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Villchur hakujaribu kufanya kitu kisitikisike kabisa. Alijua haiwezekani. Alichoangalia ni kwamba sindano inasoma tofauti ya mwendo kati yake na santuri. Kama santuri na mkono vinayumba pamoja, kwa kiasi kilekile, sindano haioni kitu. Shida inaanza pale kimoja kinapokwenda na kingine kinabaki. Msomaji wa kambini hatahitaji nimweleze zaidi.

Wengine walifuata. Thorens ya Uswisi ilitoa TD 150 mwaka 1965 kwa mpango uleule wa fremu iliyoning'inizwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Glasgow, Uskoti, ikaanza kuuza Sondek LP12, ambayo bado inauzwa mpaka leo. Villchur mwenyewe aliiacha biashara ya spika miaka ya 1960 ikiisha, akaenda kufanya utafiti wa vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri.

Wajapani walipita njia nyingine. Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, na ile iliyobadilishwa, MK2, mwaka 1979. Hiyo haikuning'inizwa kwa springi ndani. Ilitegemea uzito wa zaidi ya kilo 10, tumbo lililojazwa mpira mzito, na miguu minene inayozuia mtetemo. Sababu inaeleweka: mashine ya springi inacheza ukiigusa, na madijei wanaigusa usiku kucha. Villchur alitenganisha kwa ulaini, Technics wakatenganisha kwa uzito na mpira. Ukiangalia vizuri, ni sheria moja.

Sheria yenyewe

Weka mzigo juu ya kitu laini, uusukume kidogo, uuachie. Utapanda na kushuka kwa mwendo wake wenyewe, mara kadhaa kwa sekunde. Huo niuite mdundo wa asili. Mtetemo wa chini ukija taratibu kuliko mdundo huo, unapita wote hadi juu. Ukija sawasawa na mdundo huo, unakuzwa, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Ukija kwa kasi zaidi ya karibu mara moja na nusu ya mdundo huo, hapo ndo miguu inaanza kuzuia, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo inavyozuia zaidi.

Uzuri wake ni kwamba mdundo huo unaweza kuukisia kwa rula ya shule. Pima springi imebonyea kiasi gani chini ya mzigo. Ikibonyea milimita 1, mdundo ni karibu 16 kwa sekunde. Milimita 4, ni karibu 8. Milimita 10, ni 5. Milimita 25, ni kama 3. Kwa springi hesabu hii ni sahihi. Kwa mpira ni ya kukisia, maana mpira ukitikiswa haraka unakuwa mgumu kuliko rula inavyosema.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini hakuna mguu mmoja unaofaa kila nyumba. Mtu anatembea karibu hatua mbili kwa sekunde. Hakuna mguu wa kawaida wa kuzuia mwendo wa taratibu namna hiyo. Kwa nyumba ya mbao ya Goma, miguu laini peke yake haitoshi, na pengine inaongeza kuyumba. Dawa yake ni kuacha sakafu kabisa. Wanajimu wanafanya hivyo: darubini kubwa inasimama juu ya nguzo yake iliyotoka ardhini, isiyogusa sakafu wanayokanyaga watu. Fundi wa Goma angeweza kutoboa mbao na kusimamisha mashine juu ya nguzo iliyokaa kwenye lava. Uingereza, penye sakafu za mbao vilevile, wapenzi wengi wa muziki walitundika rafu ukutani.

Na Goma hiyohiyo ina mashine zinazotumia sheria hii kwa kuigeuza. Kituo cha uchunguzi wa volkano, Observatoire Volcanologique de Goma, kinatumia vipima mtetemo. Ndani ya kipima mtetemo mna uzito uliobebwa kwa ulaini, ambao unachelewa kufuata ardhi inapotikisika, na ile tofauti ndiyo inayoandikwa. Ni ndugu wa springi za Villchur: mmoja anatafuta mtikisiko wa ardhi, mwingine anaukimbia.

Biashara ya miguu

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 watu walianza kununua miguu peke yake, bila mashine. Ilikuja miiba ya chuma ya kuweka chini ya spika, ikaja mipira laini ya Sorbothane, ileile inayowekwa ndani ya viatu vya wakimbiaji, zikaja koni, vikombe na mabamba ya mawe. Bei nyingine ni za kushangaza. Pembeni yao kulikuwa na watu wa kawaida wanaojaribu kwa vitu vya nyumbani: mipira ya skwoshi, mipira ya tenisi iliyokatwa nusu, masanduku ya mchanga, tyubu za baiskeli.

Msimamo wangu ni huu. Chini ya mashine ya santuri, miguu ina kazi ya kweli, na kazi hiyo inapimika. Chini ya amplifaya ya zamani ya balbu inaweza kusaidia, maana balbu nyingine ukizigonga zinasikika kwenye spika. Lakini chini ya amplifaya ya transista, au chini ya simu inayopiga muziki, sijasikia tofauti yoyote, na sitamshauri mtu wa hapa auze mbuzi kwa ajili hiyo.

Majaribio ya hapa

Sasa nifike hapa Nakivale. Nyumba yetu ya mashine ina sakafu ya udongo, na udongo uliokanyagwa vizuri hautikisiki kwa hatua za watu. Kwa hiyo shida ya Goma hatuna. Tuna nyingine: mashine ya kusaga mahindi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwenye nayo, Mama tunayemheshimu, aliniambia injini yake ya dizeli inazunguka kama mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Na kwa vile injini yenye silinda moja ya namna hiyo hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili, kuna mdundo mwingine wa 12.5. Yote miwili ilikuwa inapanda kupitia udongo, meza na mashine mpaka kwenye sindano.

Mtu atauliza: kwa nini msirekodi usiku? Kwa sababu betri yetu ya sola inajaa mchana, na jioni watu wanachaji simu na kuwasha taa. Mchana ndio wetu, na mchana ndio wa unga pia. Huwezi kumwambia Mama asimamishe chakula cha watu kwa ajili ya gitaa.

Na haraka ilikuwepo. Mzee mmoja wa hapa ana santuri ya 45 iliyotengenezwa Nairobi miaka ya 1970, wakati wanamuziki wengi wa kwetu walihamia Afrika Mashariki na kurekodi huko. Gitaa la pili katika wimbo huo ni la kaka yake marehemu. Hana nakala nyingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona nyingine. Wajukuu zake wamezaliwa hapa na hawajawahi kuisikia. Alinipa kwa masharti: "Mara tatu tu, mutoto wangu. Ya ine, hapana." Kwa hiyo majaribio yote nilifanya bila hiyo santuri. Nilichukua santuri mbovu, nikaweka sindano juu yake sahani ikiwa haizunguki, nikawasha amplifaya na kurekodi kwa simu wakati injini inanguruma. Chochote kinachosikika hapo si muziki. Ni mtetemo mtupu. Juu ya meza niliweka pia glasi ya maji, nione viduara.

Miguu ya asili ya mashine yetu ilikuwa imekauka na kuwa kama jiwe. Vipande vya tairi la gari vilikuwa vilevile, vigumu mno kwa mzigo mwepesi hivyo. Kandambili zilizokatwa zilibonyea kama milimita moja na nusu, maana yake mdundo wa kama 13, karibu kabisa na ile 12.5 ya injini. Mngurumo ukazidi kuliko bila kitu. Kwa injini nyingine labda zingefaa, kwa hii hapana.

Springi nne za kochi kuukuu zilizuia vizuri, ila zilichukua muda mrefu kutulia kila ukigusa meza. Nikajaza sifongo ndani yake, zikatulia haraka zaidi. Zingetosha, kama zisingekuwa za urefu tofauti. Mashine iliinama upande, na sindano haipendi mlima.

Iliyoshinda ni tyubu ya toroli. Upana wake unatosha chini ya mashine. Unaijaza upepo nusu, ili ukikandamiza kwa kiganja ibonyee kwa urahisi, unaweka juu yake ubao, juu ya ubao jiwe bapa la kuongeza uzito, halafu mashine. Niligonga, nikahesabu mawimbi kwenye rekodi: kama 5 kwa sekunde. Ukiweka 5 kwenye ile sheria, mtetemo wa 12.5 unabaki karibu sehemu moja ya tano, na ule wa 25 unabaki karibu sehemu moja ya ishirini na nne. Sikuwa na vyombo vya kuthibitisha namba hizo moja moja, lakini kwenye rekodi mngurumo ulishuka mpaka ukajificha nyuma ya mchakacho wa santuri yenyewe, na maji kwenye glasi yakalala.

Ina kasoro zake. Upepo unapungua polepole, lazima kuangalia kila juma. Jua la mchana linaipasha moto na kuifanya ngumu. Usawa lazima upimwe upya kila mara. Na waya zinazotoka kwenye mashine ziachwe zilegee, maana waya iliyokazwa ni daraja, mtetemo utavukia hapo.

Ile ya Mzee tuliipiga mara mbili. Ya kwanza tuliisikiliza na kurekodi, ya pili tukarekodi tena kwa usalama. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi muda wote. Gitaa la pili linasikika upande wa chini, taratibu, halikimbilii mbele ya mwimbaji hata mara moja. Mzee alikataa ya tatu. "Hiyo niachie," akasema, akairudisha kwenye bahasha yake ya karatasi. Wimbo sasa uko kwenye simu za wajukuu zake, na kwenye kadi mbili tulizoweka nyumba mbili tofauti.

Kuna santuri nyingine zinazosubiri. Kuna za 78 pia, za zama za Ngoma ya Léopoldville iliyoanza mwaka 1948, na za zama ambazo Mwenda Jean Bosco alikuwa anaimba Kiswahili cha Katanga na gitaa lake. Hizo zinavunjika zikianguka, na zinataka sindano ya aina yake ambayo bado tunaitafuta. Mwenye nayo, au anayemjua mwenye nayo Kampala, Mbarara au Bukavu, atuambie. Mwenye santuri aje nayo mchana, aisimamishe wima ndani ya boksi, asiilaze chini ya mizigo. Tyubu ina kiraka kimoja, lakini inashika upepo.